Mabinti wa Lemburis

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ananiuliza swali moja: "Ehe, Mwalimu, huyo Lemburis ana tatizo gani?" Nikianza kueleza mnataka kwa kifupi. Kwa kifupi siwezi. Mkuu wa chuo nilimweleza kwa kifupi, akanitazama, akaniambia nikapumzike kwanza halafu nije tuongee vizuri. Kwa hiyo naandika yote. Someni mkiwa na chai, na asiye na muda aende zake.

Kwa wale wasiomjua, Lemburis ni mwanafunzi wangu aliyesomea uuguzi hapa Karatu akiwa mtu mzima, mvi zimeshaanza, nyumbani ana watoto wakubwa. Alikaa dawati la nyuma kwa sababu ya urefu wake, na wenzake walimwita Baba. Mimi, kama mjuavyo, nafundisha namna ya kuhudumia jamii ndogo ndogo: Mmaasai, Mdatoga, Mhadzabe, umtibu bila kuzikanyaga mila zake. Lemburis alipopangiwa zahanati ya kwao Kakesio nilishangilia kuliko ndugu zake. Lugha anaijua, watu anawajua, mila ni zake. Nilisema mbele ya walimu wote kwamba sasa akina mama wa Kakesio wamepata mtu wao.

Haukupita muda tukasikia kwamba akina mama hao wanajifungulia nyumbani. Watoto wanaletwa zahanati, vidonda vinaletwa, homa zinaletwa, lakini wajawazito hawaonekani. Kisha Lemburis mwenyewe akanitumia ujumbe: "Mwalimu, kuna mama ana kovu la upasuaji, siku zake zimekaribia, hataki kwenda hospitali. Njoo wewe mwenyewe. Usitume mtu."

Mnajua maana yake. Mwanamke aliyepasuliwa kwenye uzazi wa kwanza akiachwa asukume nyumbani, lile kovu linaweza kuachia, na hapo tunawapoteza mama na mtoto kwa pamoja. Nikampigia. Kakesio mtandao wanaupata juu ya kilima, na nyuma ya sauti yake nilisikia wanaume wengi wakiongea. Nikamuuliza, "Umempima?" Kimya. Nikarudia. Akasema, "Mwalimu, njoo tu."

Nikajua kimempata nini, au nilidhani najua. Wanafunzi wakimaliza chuo huwa wanaogopa uzazi, mikono inasahau. Nikachukua kile kiuno cha plastiki tunachofundishia, nikachukua na mwanasesere wa kitambaa mwenye kitovu chake, nikavitia kwenye begi, nikatafuta gari.

Karatu mpaka langoni

Gari lilikuwa la Massawe, dereva wa watalii, mtu wa Marangu kama mimi, ambaye wageni wake walikuwa wameondoka jana yake. Landruza ilikuwa bado inanuka mafuta ya kuzuia jua. Kwa mazoea alikuwa amebeba lanchi boksi za kututosha kijiji: paja la kuku, yai, ndizi, juisi na keki ndogo.

"Dada, mimi nimezoea watu wanaokuja kuona simba," akaniambia. "Wewe unakwenda kuona nini?"

"Nakwenda kumwona mwanafunzi wangu."

"Amefanya nini?"

"Ndiyo nakwenda kuona."

Kwenye lango la hifadhi tulichelewa kwa sababu ya mwanasesere. Mguu wake ulikuwa umejitokeza kwenye zipu, na askari mmoja akauona. Akaniuliza huyo ni nani. Nikamwambia ni mtoto wa kufundishia. Akasema mtoto gani anafungiwa kwenye begi. Nikamtoa, nikamwonyesha kitambaa, nikamwonyesha kitovu kinavyofungwa na kufunguliwa. Yule askari hakucheka. Alimwita mwenzake, mwenzake akaita mwingine, nikajikuta nafundisha uzazi salama pale barabarani huku watalii wakinipiga picha. Mmoja wa wale askari alikuwa na mke mjamzito, akanishika na maswali mpaka Massawe akapiga honi.

Ukingoni, ndani ya ukungu

Juu kule ukungu ulikuwa mzito hata barabara ilionekana kwa shida. Massawe, kwa mazoea yake, akasimama pale wageni wanaposimama kutazama kreta. Tukashuka, tukatazama weupe.

"Hapo chini kuna kreta," akasema. "Niamini tu."

Ndani ya ukungu akatokea mzee mmoja na shuka zake na fimbo, akainua mkono. Alikuwa anakwenda Endulen. Massawe alinong'ona kwamba gari si la abiria, lakini mzee alikuwa ameshafungua mlango wa mbele na kukaa. Nikahamia nyuma na begi langu.

Hatukwenda mbali akageuka kunitazama. "Wewe mama, mume wako ni rika gani?"

Sikuelewa. Nikamwambia mume wangu ni fundi umeme. Akasema si kazi, ni rika. Nikamwambia kwetu Kilimanjaro siku hizi hatuhesabu hivyo. Akatikisa kichwa kwa huruma, akauliza rika la baba yangu. Nalo sikuwa nalo. Akamgeukia Massawe, naye akasema ana miaka thelathini na nane, basi. Mzee akapiga mahesabu yake kwa vidole, akampangia Massawe rika la Korianga, akaonekana kuridhika. Mimi aliniacha bila rika, na nilihisi nimefeli mtihani.

Massawe akampa lanchi boksi. Mzee akalitoa paja la kuku, akaligeuza, akalirudisha kwenye boksi taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Yai hivyo hivyo, maana kwao kuku na mayai si chakula. Keki akaila yote, akaomba na ya kwangu.

Nikaona niitumie keki yangu vizuri. Nikamuuliza kama anamjua Lemburis wa zahanati ya Kakesio.

"Lemburis! Yule ni Landisi," akasema, yaani rika la Landisi. "Mtu mzuri. Mabinti wanamheshimu sana."

"Kama wanamheshimu, mbona hawaendi kujifungulia kwake?"

Mzee akamtazama Massawe, kama anamuuliza huyu mama amemtoa wapi. "Ndiyo nimekwambia," akajibu. "Wanamheshimu sana." Akafunga macho, akalala mpaka Endulen.

Nilikasirika, siwafichi. Nilidhani uzee umemchanganya.

Endulen, chai na nadharia

Tulilala Endulen kwa sababu kwenye njia ya kwenda Kakesio, walisema, lori lilikuwa limekwama kwenye korongo na linasubiri kuvutwa. Hapo tukala kwa Mama Glory, mwanamke wa Arusha mwenye mgahawa wa mabati na picha ya Yesu ukutani. Mbuzi wake alikuwa mgumu lakini mchuzi ulikuwa mzuri, na chai ya maziwa ilikuwa na ule moshi wa kibuyu ambao nikiwa Karatu nausifia darasani na nikiletewa nakunywa kwa kukaza macho.

Mama Glory alikuwa na jibu tayari. "Ni chakula, Mwalimu. Mwanamke wa Kimaasai mimba ikikua anapunguziwa kula ili mtoto asiwe mkubwa. Sasa anajua akienda zahanati nesi atamwambia ale. Hataki ugomvi na mama mkwe."

Massawe akasema si chakula, ni umbali. Mteja mmoja aliyekuwa anachokonoa meno akasema si umbali wala chakula, ni kisu: wakisikia hospitali wanaona kisu. Nilisikiliza wote na wote nikawaona wana akili. Nikalala na sababu tatu, kila moja ingetosha kuandikia mada ya semina, na hakuna hata moja iliyoeleza kwa nini Lemburis alinyamaza kwenye simu.

Kakesio, mbele ya zahanati

Lori lilipotolewa tuliingia njia ile, vumbi tupu, na nusu ya asubuhi ikaishia kwenye mashimo. Zahanati tuliiona kwa mbali kwa sababu ya bati lake. Mbele yake akina mama wamekaa chini kwenye kivuli cha ukuta, shanga zimewaka, watoto mgongoni. Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto.

Lemburis akatoka na koti lake jeupe, chini ana makubazi ya tairi. Alipopita kati ya wale wanawake, wengi wao wasichana tu waliojifungua karibuni, mmoja mmoja aliinamisha kichwa, naye akamgusa utosini, akasonga mbele. Hakuna aliyerukwa. Nilisimama nikatazama jambo hilo na moyo ukalainika. Nikajiambia, watu hawa wanamwamini kiasi hiki, tatizo ni la kiufundi tu.

Ndani tukapewa loshoro, mahindi na maziwa mgando, Massawe akala bakuli mbili. Mimi sikumaliza yangu, nilikuwa na haraka ya kazi. Nikamuuliza yule mama mwenye kovu yuko wapi.

"Anaitwa Nasieku. Boma lao liko nyuma ya kilima," akasema Lemburis. "Tutakwenda, Mwalimu, lakini kwanza..."

"Kwanza twende hatua kwa hatua," nikamkatiza. Mnanijua. Nikatoa kiuno cha plastiki, nikakiweka mezani, nikamweka mwanasesere ndani. Nikamfundisha upya, tangu kupapasa tumbo: kichwa kiko wapi, mgongo uko wapi, unasikiliza wapi mapigo ya moyo wa mtoto. Nikamwambia anifanyie. Akafanya. Alifanya vizuri, kwa mikono myepesi, bila kosa lolote. Nikamwambia arudie, akarudia. Jasho lilikuwa linamtoka. Nje wale wanawake walikuwa wamekwisha kusikia, wakasogea dirishani, wakaona Lemburis amemshika mwanasesere pale alipomshika. Mmoja akajifunika uso kwa kanga. Kisha wote wakaondoka dirishani kwa pamoja, kimya, wakaenda kukaa mbali.

Lemburis akaweka mwanasesere chini. "Mwalimu, mikono yangu inajua. Uliifundisha wewe."

"Basi inaogopa nini?"

Akakaa. "Baba mkwe wako alipougua, sisi wanafunzi tulikuja kukupa pole nyumbani. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Alikuwa hawezi kujigeuza. Ulimwogesha wewe?"

Mnajua wote nani alimwogesha baba mkwe. Tulimwita kijana wa jirani, asubuhi na jioni, na mimi, nesi wa miaka yote hii, niliyewaogesha wanaume nisiowajua majina katika wodi zisizo na idadi, nilisubiri jikoni nikichemsha maji. Hakuna aliyenishangaa. Angenishangaa mtu kama ningeingia.

"Hapana," nikasema.

"Kwa nini, na wewe ni nesi?"

"Kwa sababu ni mkwe wangu."

"Ehe," akasema. Akaelekeza kidevu dirishani. "Hao wote ni mabinti zangu."

Nikawatazama wale wanawake kule mbali, wengi vile. "Wote? Lemburis, una wake wangapi?"

Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mgeni. Yeye ni Landisi. Mtoto wa kike wa mwanaume yeyote wa rika lake ni binti yake, awe wa jirani au wa mtu ambaye hajawahi kumwona. Hawezi kumwona akiwa amejifunua, hawezi kulala nyumba moja naye, tumbo lake hawezi hata kulitaja. Na wanawake wanaozaa sasa hivi pale Kakesio, karibu wote baba zao ni Landisi.

"Wake za wenzangu wa rika ningewazalisha bila shida," akasema. "Lakini hao wamekwisha kuzaa. Sasa wanaozaa ni mabinti. Na mhudumu wa kike tuliyekuwa naye amehamia kijiji cha Arash kwa mume wake. Angekuwa daktari mwanaume wa mbali, wangevumilia. Huyo hana rika hapa."

Nilikumbuka yule mzee wa garini, nikamwomba radhi kimoyomoyo kwa kumwita mzee aliyechanganyikiwa.

"Lakini darasani nilikupa kipindi kizima ueleze mila," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa ya kulalamika. "Ukaeleza maziwa!"

"Uliuliza maziwa, Mwalimu."

"Na kwenye simu?"

"Kwenye simu nipo kilimani, baba zao wamesimama pale wanaongea na jamaa zao. Nisimame katikati yao nitangaze habari za tumbo la binti?"

Nilivirudisha kiuno na mwanasesere kwenye begi. Sikujua nimkasirikie nani. Aliyekuwa amefanya kila kitu sawasawa ni Lemburis, na wanawake wale, na mimi pia kwa mujibu wa masomo yangu mwenyewe, na bado kuna mtu nyuma ya kilima ambaye hajapimwa.

Bomani

Nasieku alikuwa amesimama nje ya nyumba yake akiegemea ukuta. Baba yake na Lemburis, hivyo aliniambia Lemburis njiani, walitahiriwa siku moja na kukaa pamoja katika ujana wao wote. Nasieku alipomwona Lemburis akaja, kwa shida, akainamisha kichwa. Lemburis akamgusa utosini, kama baba anavyomsalimia mtoto, akageuka, akaenda kusimama nje ya uzio na Massawe.

Mama mkwe wake akaniingiza ndani. Nyumba ilikuwa chini, giza, moshi. Nasieku alisoma mpaka darasa la saba na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wanafunzi wangu wengine. Akaniambia siku bado. Mama mkwe akasema bado kabisa. Nikaweka mkono kwenye tumbo, tumbo likakaza chini ya kiganja changu likawa gumu, na Nasieku akauma shuka bila kutoa sauti.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akamtazama mama mkwe. "Tangu asubuhi."

Nikagusa chini, juu ya kovu. Alishtuka, na kushtuka kule sikukupenda. Moyo wa mtoto niliusikia, ulikuwa unakwenda bado vizuri. Nikamwambia hapa hatuna muda, gari liko nje, twende Endulen hospitali sasa hivi. Akasema mume wake yuko na ng'ombe mbali na bila yeye hawezi. Mama mkwe akasema kisu hapana, safari ile alirudi mweupe kama majivu na maziwa yakamkauka. Nikaeleza kovu, nikaeleza damu, nikatumia kila nilichowahi kufundisha kuhusu kuzungumza na familia kwa upole. Waliniitikia kwa heshima zote. Hakuna aliyenyanyuka. Uchungu mwingine ukaja, na safari hii Nasieku alinishika mkono.

Nilitoka nje. Nikamwambia Lemburis hali ilivyo, kwa maneno machache, huku yeye akitazama chini ili asinisikie zaidi ya anavyopaswa. Nikamwambia, "Nimeshindwa. Na wewe huwezi kuingia."

"Kama nesi siwezi," akasema.

Akavua koti jeupe, akampa Massawe. Akajifunga shuka yake vizuri, akachukua fimbo, akasogea mpaka karibu na mlango, akaupa mlango mgongo. Akaongea kwa Kimaasai, si kwa kelele, sentensi chache. Kisha nikasikia Nasieku anaitikia, na mama mkwe anapekua vitu gizani, na wote wawili wakatoka, Nasieku amejifunika shuka nyekundu, mama mkwe na kibuyu chake kwapani. Walipita mbele yangu kama vile mimi ndiye ninayewachelewesha.

Nikamuuliza Lemburis amewaambia nini.

"Nimemwambia mimi ni baba yake, na baba yake anasema apande gari."

Kurudi Endulen

Landruza ya watalii ina nafasi. Tulimlaza Nasieku nyuma, mama mkwe akakishika kichwa chake, mimi nikamchoma sindano ya dripu tuliyobeba kutoka zahanati kabla gari halijaondoka. Tulijaribu kuitundika kwenye bomba la paa, lakini kila shimo liliirusha, mpira ukawa unavutika na sindano inataka kutoka. Nilihitaji mkono wa kuishika, na mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine.

Nikasema kwa sauti, bila kumwambia mtu, "Nahitaji mtu wa kushika dripu."

Lemburis alikuwa kiti cha mbele. Hakugeuka. Alirudisha mkono wake wa kulia nyuma, juu ya kiti, kiganja wazi. Nikamwekea ile chupa. Akaifumbata, akainua mkono juu, uso umeelekea barabarani.

Akakaa hivyo njia nzima. Mashimo yale mnayafikiria ninyi wenyewe. Massawe, ambaye husimamisha gari kwa kila twiga, alimkuta twiga amesimama katikati ya njia akampigia honi mpaka akahama, jambo ambalo ameniapisha nisimwambie bosi wake. Ule mkono ulianza kutetemeka tukiwa bado mbali. Nikamwambia abadilishe, akasema wa kushoto haufiki. Chupa ilipokwisha nilimpokonya, nikambadilishia, akaipokea ya pili bila kutazama.

Katikati ya uchungu mmoja Nasieku akaninong'oneza, "Baba yuko mbele?"

"Yuko."

"Ananitazama?"

"Hakutazami."

Ndipo akajiachia. Alikuwa ameuma shuka tangu bomani, sasa akalia kwa sauti, akamwita mama yake, akanitukana hata mimi kidogo. Mama mkwe akamfuta uso. Mbele pale Lemburis alianza kuimba chini chini, nadhani ili ajizibe masikio.

Hospitali walitupokea mlangoni, wakamkimbiza ndani. Jua lilikuwa bado halijazama. Mimi nilibaki nje kidogo na Lemburis kwa sababu waliniambia nisubiri. Alikuwa amesimama kwenye uzio, mgongo kwa jengo, mkono wa kulia ameukunja kifuani na hauwezi kunyooka. Nikamuuliza sasa tufanyeje na Kakesio.

"Nipeleke mbali, Mwalimu. Nipeleke Buger, kwa Wairaqw, nitawazalisha wote. Kule sina rika."

"Na Kakesio?"

"Mlete mgeni."

Mgeni! Mimi niliyesimama mbele ya walimu wote nikasema mwenyeji, mwenyeji, mwenyeji. Na yeye akiondoka, nani atasimama mlangoni siku binti akikataa gari? Nilimuuliza hilo. Alifikiri, akasema hajui. Mimi pia sijui, na ndiyo maana mkuu wa chuo hajapata taarifa yake mpaka leo. Nimeshaanza kuiandika mara kadhaa, na kila nikifika kwenye sehemu ya mapendekezo nakwenda kuchemsha chai.

Wakaniita ndani. Sitawachosha na ya chumba cha upasuaji. Lile kovu lilikuwa limebaki jembamba kama karatasi, daktari alinionyesha. Nilitoka nje. Lemburis alisikia hatua zangu na hakugeuka.

"Mwalimu, usinieleze ya ndani," akasema. "Niambie tu kama mtoto amelia."

"Amelia," nikamwambia. "Na binti yako anauliza kama umekula."

Alivuta shuka akajifunika uso, mabega yakatikisika, nami nikatazama pembeni kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kujifunza. Massawe akaja na boksi la mwisho. Kuku alikuwamo, yai lilikuwamo, na keki moja. Lemburis akaifuta ile mikono yake kwenye shuka, akajaribu kuunyoosha wa kulia, ukakataa. Akaichukua keki kwa mkono mwingine.

"Samahani kwa mkono wa kushoto, Mwalimu," akasema, akala.